Mama Viraka na Gundi Isiyojitangaza

Nilimwonea wivu Mama Viraka. Naona afadhali niliseme mapema, kabla msomaji hajaanza kunisifu kwa kuwakumbuka wakubwa zangu. Haukuwa wivu wa mume wala wa nguo. Ulikuwa wivu wa kazi, na huo ni mbaya zaidi, kwa sababu mke mwenzio unaweza kumkwepa ukapita njia nyingine, lakini mtu wa kazini utamkuta palepale kesho asubuhi na itabidi umwamkie shikamoo.

Jina lake nalijua, sitalitaja. Lushoto nzima ilimwita Mama Viraka, na ukiuliza jina jingine watu walikuwa wanakutazama kama mgeni.

Tulifanya kazi chumba kimoja miaka mingi. Mimi nilisokota sigaa, zile sigara nene za majani matupu, zisizo na karatasi, ambazo Wazungu huvuta wakishashiba. Yeye aliziba zilizopasuka. Karakana yetu ilikuwa nyuma ya soko, katika nyumba ya zamani yenye bati lililoota kutu, na mwenyewe alikuwa mstaafu wa kilimo ambaye sote tulimwita Bwana Shamba. Biashara ilipofunguliwa na kila mtu akaambiwa ajitegemee, wenzake walileta mitumba, sabuni na betri za redio. Yeye akasema atawauzia watalii moshi. Walimcheka mpaka alipopata hoteli moja kule Arusha iliyokubali kununua, hapo wakaanza kumwamkia kwa heshima.

Ili mtu aelewe ukubwa wa Mama Viraka, lazima aelewe kwanza jani la juu. Sigaa ina tumbo la majani yaliyokatwakatwa, halafu inavikwa jani moja zima, jembamba, laini, lisilo na mshipa mnene. Hilo ndilo mnunuzi analolitazama. Majani yetu yalitoka bara kwa lori, yakashushwa Mombo, chini ya milima, kwenye joto lile, yakakauka, kisha yakapandishwa kwetu kwenye ukungu na baridi. Jani linalochezewa hivyo hupasuka kwa kuguswa tu. Na lilikuwa adimu, huwezi kulitupa. Kwa hiyo msokotaji akimaliza sigaa na kuona imechanika, aliiweka kwenye ungo wa Mama Viraka. Nzima zilikwenda moja kwa moja sandukuni.

Yeye aliichukua ile iliyochanika, akaigeuzageuza dirishani kwenye mwanga, akatafuta kipande cha jani cha rangi ileile na mishipa inayoelekea upande uleule, akakikata kwa kisu kidogo, akapaka gundi kwa ncha ya kidole, akakilaza. Ukiletewa baada ya hapo huoni kitu. Nasema hivi mimi niliyemtafutia kasoro kwa bidii.

Alikuwa na kiti cha dirishani. Kiti hicho nilikitaka, ila hilo lilikuwa dogo. Nilichokitaka hasa, na nilichokitaka miaka yote niliyokaa pale, ni neno moja kutoka kinywani mwake kuhusu sigaa zangu. Neno la sifa. Maana Mama Viraka alikuwa anasifu kila mtu. Alikuwa akiokota sigaa iliyopasuka kwenye ungo, anautambua mkono ulioisokota bila kuambiwa, anasema kwa sauti ya chumba kizima: "Hii ya Mama Saidi. Tazama alivyobana hapa, mkono mwepesi huu, ni jani tu limemsaliti." Au: "Hii ya yule binti wa kijiji cha Mnazi. Anavuta jani kama anafunga mzigo wa kuni, lakini ncha yake, jamani, hakuna anayeipata." Wasokotaji waliinamisha vichwa wakitabasamu, na Mama Saidi alikuwa anatembea siku nzima amenyoosha shingo. Mimi niliyekuwa nasokota vizuri kuliko wote, na hili si majivuno, Bwana Shamba mwenyewe alinipa majani magumu ambayo wengine hawakuyaweza, mimi sikuwahi kusikia lolote. Wala baya sikulisikia. Kwa Mama Viraka, meza yangu ilikuwa haina mtu.

Niliamini ananinyima makusudi. Niliamini ananiogopa. Jioni nilipokuwa napanda kwenda kwetu Gare nilikuwa nazungumza naye peke yangu njiani, nikimjibu mambo ambayo hakuyasema.

Habari ya gundi ndiyo iliyomjengea jina, na ndiyo iliyonichoma zaidi. Mwanzoni Bwana Shamba alikuwa na kopo la gundi maalumu, alilopewa na Mzungu aliyemfundisha kazi. Kopo lile likaisha. Madukani wakati ule kulikuwa na kila kitu, mpaka tukashangaa vitu hivi vilikuwa vimejificha wapi, na gundi zilikuwepo za kila rangi: za viatu, za karatasi, za mbao. Zote zilinuka. Huwezi kumpa mtu kitu cha kutia mdomoni chenye gundi ya viatu. Ile maalumu iliweza kuagizwa kutoka nje, lakini kwa bei yake ilikuwa heri kufunga karakana tukalime kabichi. Bwana Shamba akamwambia Mama Viraka: "Nitafutie gundi tunayoiweza, na isituulie wateja."

Akachukua ubao, akabandika juu yake vipande vya majani, kila kimoja na gundi yake, akauweka siku nyingine dirishani upigwe na ukungu, siku nyingine juu ya jiko upate joto. Alijaribu ute wa yai. Ulishika, lakini uling'aa, na baadaye ukaanza kunuka, na hata hivyo alisema yai ni la kuliwa. Alijaribu uji wa ngano. Kwa unyevu wetu ukaota kuvu kabla hata haujamaliza kukauka. Alichemsha maganda ya matofaa mpaka maji yake yakawa mazito kama asali. Yalinukia vizuri na yalishika vizuri, ila kuni zilizoteketea zilikuwa ghali kuliko gundi ya Ulaya. Alikwangua hata utomvu kwenye miti ya plamu, akapata wa kujaza kijiko.

Aliyemwambia habari ya gundi ya mgunga ni mimi. Kaka yangu alioa Mnazi, kule chini kwenye joto, na nilikuwa nimeona wanavyookota mabonge ya utomvu kwenye migunga, magumu, yenye rangi ya chai. Nilimwambia siku moja tukinawa mikono. Akasema, "Ehee," basi. Siku ya soko nikamkuta amekaa na mama mmoja mchuuzi kutoka Mnazi, mbele yao fuko la gundi.

"Hii ya leo ina mchanga, dada," Mama Viraka alikuwa anasema.

"Mchanga wa Mnazi huo. Haulipiwi."

"Basi utoe, tuone ninacholipia."

Wakacheka wote wawili, na toka siku ile wakawa mashoga. Yule alileta gundi, huyu alimpa plamu na kabichi, fedha ikaingia kidogo tu. Aliloweka mabonge, akayachuja kwa kitambaa, akapata gundi isiyo na harufu wala ladha. Wakati wa masika mabonge yalikuja yamelowa na machafu, hivyo alitumia wanga wa muhogo, mwembamba sana, akautia chai ya rangi iliyokolea ili usiache alama nyeupe kwenye jani jeusi. Hiyo ya chai aliibuni mwenyewe, sina dai nayo. Lakini ya Mnazi ilikuwa yangu, na karakana nzima ilisema Mama Viraka ametuokoa. Nilingoja aseme nani alimwambia. Bado nangoja.

Kila gundi aliipima kwa pua, kwa ulimi na kwa ukucha. Alikuwa na msemo wake: "Gundi nzuri haijitangazi." Yaani uilambe usiione, uinuse usiisikie, uikwangue isibanduke. Mtu mwenyewe aliyesema hivyo alikuwa anajitangaza toka asubuhi hadi jioni. Wageni wakija, Bwana Shamba aliwapitisha haraka kwenye meza zetu, akawapeleka dirishani, na yeye alikuwa tayari ameshapanga sigaa tano kwenye sahani. "Tafuteni kiraka," anawaambia. Wanatafuta, wanashindwa, wanapiga makofi. Nilikuwa nimewapa mgongo, nasokota, nasikia makofi.

Alikuwa na mambo yake yasiyoingia akilini. Hakuvumilia moshi wa tumbaku hata kidogo. Mlinzi akiwasha kipisi nje, yeye anafunga dirisha na kukohoa kama anakata roho, halafu anarudi kulamba gundi ya sigaa. Gundi aliitoa kwa kupima, tone kwa tone, na ukimwaga ungedhani umemwaga damu ya mtoto. Lakini chakula chake aligawa mpaka yeye mwenyewe akabaki na kipande cha bada, ule ugali wa muhogo, na chumvi. Alisali kwa wakati wake bila kukosa, na umri wake aliudanganya bila haya, mwaka hadi mwaka unapungua. Alikuwa anamwita Bwana Shamba "mgoshi", yaani mwanamume kwa Kisambaa, mbele ya wageni, jambo ambalo sisi wengine tusingethubutu, na yule mzee alikuwa anaitika. Na huyu fundi wa viraka aliyezungumzwa hadi Arusha, kanga zake zilikuwa na matundu ya cheche za moto ambayo hakuyashona kamwe. Kinyozi hajinyoi, lakini huyu alizidi. Nilikuwa nayahesabu matundu yale kwa raha.

Sasa kuna jambo la ulimi. Mwezi wa Ramadhani yeye hakuweza kuonja gundi, na Waislamu walikuwa wengi kuliko sisi Wakristo pale, wote wamefunga. Kwa hiyo aliniita mimi. "Wewe wa Gare," anasema, "niazime ulimi." Ninakwenda, natia kidole, naonja, namwambia ina ladha au haina. Ananiangalia machoni wakati naonja, na nikisema "haina," anaamini, anaanza kazi. Ndiyo nafasi pekee niliyokuwa nayo dirishani. Nilikuwa naisubiri Ramadhani kuliko waliofunga.

Kuna mwaka Ramadhani na Kwaresima zilikutana. Jumatano ya Majivu nilifika kazini na majivu usoni, nimefunga kama wenzangu, na mchana ule Mama Viraka alikuwa jikoni mwa karakana na sufuria mbili. Moja ilikuwa ya gundi, na ya wanga, maana mvua ziliwahi mwaka ule. Nyingine ilikuwa uji wa futari wa nyumbani kwake, kwa kuwa jiko la karakana lilikuwa linawaka na kuni za Bwana Shamba zilikuwa hazimuumi. Unga wa muhogo uleule, wepesi uleule, sufuria zilizofunikwa kwa sahani zinazofanana. Tofauti ilikuwa sukari, kwa kuwa chai ya gundi aliitia mwishoni, wakati wa kupaka.

"Wa Gare, niazime ulimi."

"Leo hapana, mama. Na mimi nimefunga."

Akatazama majivu usoni kwangu, akacheka. "Haya, mwaka huu Mungu ametufunga midomo wote. Basi pua itatosha."

Alikuwa na mafua. Gari la kwenda Arusha lilikuwa linangoja, Bwana Shamba anazungukazunguka na funguo mkononi, na ungo ulikuwa umejaa. Akaziba zote alasiri ile, zikafungwa, gari likaondoka. Yeye akabeba sufuria iliyobaki akaenda nayo nyumbani.

Kesho yake asubuhi aliingia akiwa anacheka tayari. Alisimama mlangoni, akajishika kiuno. "Jamani," akasema, "jana nimefuturisha watu gundi. Mume wangu amekunywa kikombe kizima kwa adabu, ananiuliza, mke wangu, sukari imepanda bei?"

Chumba kilianguka kwa kicheko. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimeshaelewa kilichosafiri. Bwana Shamba naye akaelewa, rangi ikambadilika. Sigaa zote zile zilikuwa zimezibwa kwa uji wa sukari, na hakuna wa kulifuata gari.

Zilirudi baadaye, masanduku mazima, yamejaa sisimizi. Nakiri nilisimama karibu ili nione vizuri. Siku niliyochelewa mimi kwa ajili ya mvua iliyokata njia, nilisemwa mbele ya watu mpaka nikashindwa kuinua uso. Nikasema, leo tutaona haki. Bwana Shamba akafungua barua fupi iliyokuja na masanduku, akaisoma kimya, kisha akaanza kutikisika mabega. Akatusomea. Hoteli ilikuwa imeandika kwamba mzigo umeharibika na wanataka mwingine, ila wanaomba salamu zimfikie fundi, maana bila wale sisimizi waliojipanga kwenye viraka tu, wasingejua kama kulikuwa na kiraka hata kimoja.

Basi hata sisimizi walifanya kazi ya kumsifu. Mama Viraka aliomba barua aishike, hakuwa anasoma, akaishika tu, akasema, "Hao wadudu wana macho." Wiki nzima wageni walisimuliwa hadithi hiyo dirishani. Ningekuwa mimi, ningekuwa nalima kabichi.

Karakana haikufungwa kwa sisimizi. Ilifungwa kwa sababu ileile iliyoifungua. Milango iliyoachwa wazi sisi tutoke iliwaacha wengine waingie, na zikaja sigaa za nje kwenye makopo ya kung'aa, rahisi, zote zinafanana, hakuna iliyopasuka. Hoteli ikatushukuru kwa heshima. Bwana Shamba alituita, akatugawia majani yaliyobaki ambayo hatukuwa na la kuyafanyia, na kila mtu akashika njia yake. Mimi nikaenda kulima kabichi.

Miaka ikapita. Nilisikia kwamba Mama Viraka macho yamemwisha na yuko Malindi, hii ya hukuhuku kwetu Lushoto, kwa mwanawe. Nilijiambia nakwenda kumjulia hali. Si uongo, lakini si hilo lililonitoa kitandani.

Nilimkuta amekaa kwenye kigoda mlangoni, anatoa maharage kwenye maganda kwa kupapasa. Alikuwa amepungua, mikono tu ndiyo ilikuwa bado ile.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani huyo?"

"Wa Gare."

Vidole vikasimama. "Ulimi wangu," akasema, akacheka mpaka akakohoa. "Kaa hapa. Umefunga leo?"

Nikakaa. Mkwewe akaleta chai. Nilisaidia maharage, na yeye akaanza kuwakumbuka watu. Alimkumbuka Mama Saidi, jinsi alivyobana katikati na kulegeza miguuni. Alimkumbuka binti wa Mnazi na ncha zake. Alimkumbuka hata mzee mmoja aliyesokota pale kwa miezi michache tu, akasema alikuwa anatetemeka lakini jani alilikunja kwa huruma. Alisema yote haya akiwa amefumba macho, vidole vyake vinazunguka hewani kana kwamba ameishika kila moja. Nilisikiliza kila jina. Nilijikuta nimeshika ganda moja la maharage muda mrefu.

Nikaona kama sitasema leo sitasema tena.

"Na zangu, mama?"

"Zako nini?"

"Sigaa zangu. Unawakumbuka wote walivyosokota. Mimi nilikaa pale kuliko wote na hukuwahi kunisemea neno. Nilikukosea nini?"

Alinigeuzia uso. Hakuona, lakini alinigeuzia. Alionekana kama mtu aliyeulizwa njia ya mahali asipopajua.

"Zako sizijui, mwanangu," akasema. "Nilikuwa naletewa zilizopasuka tu."

Kisha akarudi kwenye maharage yake. Baadaye kidogo akaongeza, kama anayekumbuka: "Nilikuwa nakuona mgongo."

Tulimaliza maharage. Nilimsindikiza mkwewe mtoni, nikarudi kuaga, yeye akanishika kichwa akaniombea dua, nikaanza safari. Ilinibidi nifurahi, na nilifurahi kweli, nilitembea mpaka kona ya kwanza nikicheka peke yangu kama mwehu. Sifa niliyoitafuta nilikuwa nayo siku zote, na hakuna aliyepewa kubwa kuliko hiyo.

Baada ya kona nikamkumbuka Mama Saidi, na yule binti wa Mnazi, na yule mzee wa kutetemeka. Sigaa zao zote zilishikwa na mikono ile. Ziligeuzwa kwenye mwanga, zikatafutiwa jani la rangi yake, zikapakwa gundi kwa ncha ya kidole. Niliwaonea wivu pale barabarani, mtu mzima mwenye wajukuu, mpaka machozi yakanitoka. Miaka yote ile, ningepasua japo moja.